Muuguzi Mwenye Maji Mdomoni

"Fundi, hata kidole nacho unakipiga pindo?"

Swali hilo jirani alilitupa juu ya ua miezi miwili iliyopita, kwa mzaha, na akacheka peke yake. Fundi cherehani hakucheka. Alitazama chini, akaona sindano ya mashine imeshapita kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, uzi mweupe umegeuka mwekundu, na mguu wake ungali juu ya pedali.

"Hakupiga kelele?" Mpelelezi aliuliza.

"Kelele nilipiga mimi," jirani alisema. "Yeye alirudisha gurudumu nyuma kwa utaratibu, akachomoa kidole, akakifunga kitambaa, akaniomba nisimwambie mtu. Na sijamwambia mtu. Wewe ni serikali, si mtu."

Mpelelezi aliandika mpaka hilo la mwisho. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na kituoni walimwita Mama Kalamu kwa sababu hakuna alichokiacha bila kukiandika.

Ilikuwa Jumatano, siku ya tisa ya kesi. Katika hospitali ya saratani palikuwa na utafiti. Wagonjwa wanaotundikiwa dripu walipewa kapsuli za kumeza siku tatu kabla ya dripu na siku tatu baada yake. Nusu ya wagonjwa kapsuli zao zilikuwa na dawa ya maumivu. Nusu zilikuwa na unga usio na kitu. Aliyejua nani ana nini ni mtakwimu peke yake, na orodha yake ilikuwa imefungwa. Sasa mtunza stoo ya dawa, mzee mnyamavu aliyeitwa Mzee Funguo kwa ajili ya mzigo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake, alishitakiwa kwamba amezichanganya. Ijumaa saa sita mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Likifika bila neno jipya, mzee angelala ndani siku hiyo hiyo.

Mpelelezi akamshukuru jirani, akazunguka ua, akapiga hodi kwa fundi, mmoja wa wagonjwa wa utafiti.

Kilikuwa chumba kimoja, mashine imewekwa penye mwanga wa dirisha, sare tatu za shule zimetundikwa ukutani. Fundi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na nyusi hakuwa nazo.

"Karibu, dada. Kalia kiti hicho. Hicho kingine mguu wake mmoja mwongo."

Mpelelezi akakaa. Mlangoni aliona ndala za fundi. Zilikuwa zimeshonewa lastiki nyeusi kwa nyuma, kama ndala za mtoto anayejifunza kutembea.

"Lastiki hizo ni za nini?"

"Mtindo."

"Mtindo wa wapi?"

"Wa humu ndani."

"Basi nisaidie kifungo changu hiki, kimelegea."

Fundi akacheka. "Serikali imekuja na kazi mkononi. Lete."

Akatunga uzi. Hakulitafuta tundu la sindano kwa vidole. Aliipeleka sindano mdomoni, akaipapasa kwa mdomo wa chini, kisha akaingiza uzi huku macho yake yameganda hapo. Alipochukua kifungo kilimponyoka, naye akaendelea kukibana hewani. Alijua hana kitu aliposikia kinagonga sakafu.

"Vidole vinakusumbua?"

"Kitabu cha Sista anayetupima vidole kinasemaje?"

"Kinasema kumi kwa kumi, kila mwezi."

"Basi ndivyo."

"Mzee Funguo unamfahamu?"

"Nani hamfahamu? Ndiye anayetuhesabia kapsuli pale dirishani. Anahesabu mara mbili, kisha anakutazama kama wewe ndiye utakayezila njiani."

"Wanasema kapsuli hizo alizichanganya. Ijumaa anapelekwa kwa mwendesha mashtaka."

Mkono wa fundi ukasimama. Sindano ilikuwa imemchoma dole gumba na kutoa tone dogo la damu, naye hakuwa na habari.

"Nani kasema?"

"Daktari mkuu."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Kifungo chako tayari, dada," akasema, akamfungulia mlango.

Saa saba Mpelelezi alikuwa ofisini kwa daktari mkuu. Daktari alikuwa mtu wa kuongea huku akipanga kalamu zake mezani, nyeusi na nyeusi, nyekundu na nyekundu.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," Mpelelezi alisema.

"Dripu inaua uvimbe, lakini haina macho. Kuna seli zinazotuletea habari kutoka vidoleni: hiki ni kitambaa, hiki ni mwiba, haya ni maji ya moto. Nazo dripu inazipiga. Zikifa, mtu anavaa ganzi mikononi na miguuni kama glavu na soksi. Wengine wanahisi kuungua wala hakuna moto. Tukiliona hilo tunalazimika kupunguza dripu, na ukipunguza dripu uvimbe unapata pumzi."

"Na kapsuli?"

"Ni dawa ya maumivu ya siku nyingi. Katika maabara tuliona kwamba seli hizo zikiipata kabla ya dripu, nyingi zinapona. Si kutuliza aliyekwisha kuumia. Ni kukinga kabla hajaumia."

"Na kwa watu?"

"Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta." Akasogeza kalamu moja nyekundu. "Sista anawapima kila mwezi. Mtakwimu alipolinganisha makundi mawili, hakuona tofauti. Wa dawa wanahisi, wa unga wanahisi. Tisa kwa kumi, kumi kwa kumi. Hiyo haiwezekani, mama. Anayemeza unga kwa miezi saba ya dripu hawezi kuhisi hivyo. Amepata dawa mahali."

"Na Mzee Funguo anaingilia wapi?"

"Mke wake alifia wodi hii hii. Miguu ilimwungua ndani ya beseni la maji ya moto, hakusikia. Mzee ndiye aliyekuwa anamwosha vidonda. Mtu kama huyo umkabidhi unga awape wanawake wengine? Aliwahurumia. Wala hakuhitaji kujua chupa ipi ni ipi. Anamimina zote kwenye sinia moja, anazikoroga, anarudisha chupani. Kila mtu anapata nusu ya heri."

"Chupa zilizoko stoo zilipimwa. Hazikuchanganywa."

"Hizo zilifika wiki moja kabla hatujamsimamisha. Hakupata nafasi nazo. Za zamani zimeshamezwa. Na kopo mmeliona?"

Kopo walikuwa wameliona. Kwenye droo ya mzee palikutwa kopo la kahawa lenye kapsuli tisa zilizopasuka.

Jioni ile Mpelelezi aliliweka kopo hilo mezani kituoni, mbele ya mwenyewe. Mzee Funguo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kuikalia kofia yake asiisahau.

"Tisa," Mpelelezi alisema.

"Tisa. Kuna daftari la uharibifu."

"Nimelisoma. Kila moja ina tarehe yake, na Sista ametia sahihi."

"Basi."

"Daktari anasema ni kwa sababu ya mkeo."

"Mke wangu hayumo kwenye daftari."

Mpelelezi akaiweka kalamu chini, jambo ambalo askari wa mlangoni hakuwa amewahi kuliona. "Mzee wangu, nakuuliza kama mtu. Uliwahi kutaka kuzichanganya?"

"Kila siku."

"Halafu?"

"Halafu nafunga stoo, najaribu kitasa mara mbili, naenda nyumbani." Akatazama kalamu. "Wewe si ndiye Mama Kalamu? Andika."

Akaandika. Alijua jinsi maneno hayo yatakavyosomwa na mtu mwingine. *Kila siku* ndilo lingekatwa na kupelekwa mbele; yaliyofuata yangebaki nyuma.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Mpelelezi alifika kabla ya wagonjwa, akachagua benchi la nyuma. Wanawake kumi na wawili wa utafiti walikuja mmoja mmoja, wakakaa katika safu, na yeye akahesabu miguu. Jozi tano za ndala zilikuwa na lastiki nyeusi kwa nyuma. Mshono ulikuwa mmoja.

Akafungua nakala ya kitabu cha Sista. Miguu kumi kwa kumi. Miguu tisa kwa kumi. Mtu anayehisi nyayo zake hahitaji kamba ya kumzuilia ndala.

Kwa hiyo kitabu kilikuwa kinadanganya. Wazo la kwanza likawa baya: Sista anajaza namba akiwa amekaa tu. Mpelelezi akaomba ruhusa, akasimama mlangoni mwa chumba cha vipimo aone mwenyewe.

Sista hakuwa amekaa. Alikuwa mwanamke mnene wa mwendo mwepesi, na kazi yake aliifanya kama ilivyoandikwa. Mgonjwa wa kwanza alimfunga macho kwa kitambaa safi. Akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha, akamgusa kidole cha kwanza.

"Pole," Sista akasema.

"Asante," mgonjwa akasema.

Sista akapiga alama kitabuni. Akagusa cha tatu. "Pole." "Asante." Alama. Akaacha muda mrefu, kama kanuni inavyotaka ili mgonjwa asikisie, kisha akagusa cha tano. "Pole, mama." "Asante, mwanangu." Alama. Mara kumi mikononi, mara kumi miguuni. Hakuna aliyeonyeshwa, hakuna aliyenong'onezewa, hakuna namba iliyoongezwa.

Mpelelezi akarudi kwenye benchi, amekwama. Chupa ni safi, daftari ni safi, Sista ni safi, na vidole vya fundi havina habari ya sindano. Alikuwa anaanza upya ukurasa wa kwanza wakati mfanyakazi wa usafi alipopita nyuma yake, na mpini wa fagio ukagonga benchi kwa kishindo.

"Pole, mama," mfanyakazi akasema.

"Asante," Mpelelezi akajibu bila kuinua kichwa.

Kisha akakiinua. Akatazama goti lake, akatazama mkono wake. Fagio halikuwa limemgusa popote.

Akaandika neno moja, akalipigia mstari, akaenda moja kwa moja chumba cha vipimo na kufunga mlango.

"Sista, ukimgusa mgonjwa huwa unasema nini?"

"Sisemi kitu. Kanuni inakataza."

"Unasema pole."

Sista akafikiri. "Ah, hiyo. Hiyo si kusema kitu."

"Kila ukigusa?"

"Mama, hawa wamechomwa sindano mpaka hawana pa kuchomwa. Nikimgusa mtu kimya kimya najiona kama namwibia."

"Naye hujibu asante, na wewe unaandika amehisi."

Kijiti kikabaki hewani. Ilionekana usoni pa Sista kwamba miezi saba ilikuwa inapita mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Ee Mungu wangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Lia baadaye. Sasa hivi rudia kipimo bila kusema neno."

"Sitaweza. Litanitoka. Hata nyumbani nikifunga mlango kwa nguvu naupa pole."

Mpelelezi akatazama meza. Palikuwa na jagi na glasi. Akamimina maji nusu glasi, akampa. "Jaza mdomoni. Usimeze, usiteme. Mgonjwa akihisi, aseme *hapo*. Mimi ndiye nitakayeandika."

Akatoka mlangoni, akamwita fundi cherehani awe wa kwanza.

Fundi aliingia, akamwona serikali, akakunja uso, lakini akakaa. Mpelelezi alimfunga kitambaa yeye mwenyewe. "Ukihisi kitu sema *hapo*, fundi."

"Leo mmebadilisha."

"Leo tumebadilisha."

Sista akagusa kidole cha shahada, kilekile kilichowahi kupigwa pindo. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Fundi alikaa ametulia. Mpelelezi akapiga mstari: hakuhisi. Sista akagusa dole gumba. Mstari. Akagusa cha kati, akangoja, akakirudia. Mstari, mstari. Kidole kidogo. Mstari. Cha pete. Mstari. Nje mtu alikohoa; fundi akageuza sikio kidogo, akarudi.

"Sista," fundi akasema, "bado hujaanza?"

Mpelelezi alikuwa ameshapiga mistari sita.

Maji yalibaki mdomoni mwa Sista, lakini machozi hayakuwa na pa kubaki. Akamaliza kumi kama alivyoagizwa. Kisha fundi akavuta kitambaa mwenyewe, akaona kijiti juu ya kidole chake, akaona mashavu, akaona karatasi.

"Leo hukunipa pole," akasema.

"Tangu lini?" Mpelelezi aliuliza.

"Dripu ya tatu."

"Ulijua unachofanya?"

"Mwanzoni nilijibu tu. Mtu akikupa pole utafanyaje, umnyamazie? Baadaye nikajua, nikaendelea." Akavitazama vidole vyake kama vya mtu aliyemwazima. "Wakijua watapunguza dripu. Na mimi nina watoto wawili ambao hata kupiga pasi bado hawajui. Bora nitunge uzi kwa mdomo."

"Na lastiki?"

"Nimeshona jozi tano pamoja na yangu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Kila mmoja alikuja akasema anataka mtindo."

Sista akatema maji kwenye beseni, akapiga magoti mbele ya fundi, akaishika ile mikono. "Kupunguza si kukata. Ungeniambia."

"Ungeandika."

"Ningeandika, ndiyo."

Fundi akamgeukia Mpelelezi. "Ukipeleka karatasi hiyo, mzee atatoka?"

"Karatasi moja haitoshi. Wako wenzako kumi na mmoja hapo nje, na mmoja keshapimwa kwa pole, itabidi arudie. Nao wanaogopa kama wewe."

Fundi akainuka, akazivaa ndala zake kwa kuzitazama, akafungua mlango. Walimsikia nje akisema kwa sauti yake ya kawaida: "Jamani, Mzee Funguo wanataka kumfunga kwa ajili yetu. Ingieni mseme mnachohisi na msichohisi. Mimi nimeshasema." Benchi likatoa mlio, mtu wa kwanza akasimama.

Sista akajaza glasi.

Ijumaa saa tatu asubuhi walikaa ofisini kwa daktari mkuu: daktari, Sista, Mpelelezi, na Mzee Funguo aliyeitwa kutoka nyumbani na hakuambiwa la kuitiwa. Simu ilikuwa mezani, sauti wazi. Mtakwimu, mama mwenye sauti kavu, alikuwa upande wa pili na orodha yake.

"Nimezipokea namba za jana," mtakwimu alisema. "Sitasema nani ni nani, wala kundi lipi ni la dawa. Msiniulize. Waliohisi nane au zaidi ni saba. Waliohisi chini ya tano ni watano. Wale watano wote wako kundi moja. Kati ya wale saba, sita wako kundi jingine."

"Maana yake dawa inakinga," daktari akasema upesi, na kalamu zikaparaganyika.

"Maana yake watu kumi na wawili ni wachache, daktari, na kipimo cha miezi saba kimeharibika. Utaanza upya."

"Nami nakuuliza la kwangu," Mpelelezi alisema, akiisogelea simu. "Kama kapsuli zingemwagwa kwenye sinia moja na kukorogwa, kila mtu akapata nusu kwa nusu, namba hizi zingetengana hivi?"

"Zisingetengana. Zingekuwa mchanganyiko kama kapsuli zenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila chupa ilimfikia mwenyewe kama ilivyofungwa. Aliyezitoa hakugusa kitu."

Mpelelezi aliyaandika maneno hayo, akaongeza saa, akamsomea mtakwimu, mtakwimu akasema ndivyo. Akalifunga faili. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kosa lililotendeka.

"Fundi je?" akauliza.

"Tumemwona leo asubuhi," Sista akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Dripu yake tumeipunguza kidogo tu, na itapita taratibu zaidi. Amekasirika, lakini amekubali. Wale wanne wengine nao tutawapanga hivyo hivyo."

Ikabaki habari ya mzee. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia juu ya magoti. Daktari akavuta droo, akatoa shada la funguo, akalisukuma mezani kuelekea kwake.

"Basi, mzee, umesikia. Mambo ya kazi, ndivyo yalivyo. Yule marehemu mkeo nilimtaja kwa nia njema tu, kutafuta sababu." Akakohoa. "Pole sana."

Chumba kikangoja neno moja, lile jibu la pole ambalo kwa kila mtu huja lenyewe. Sista alilifungulia mdomo kwa niaba yake, akaufumba.

Mzee Funguo akasimama, akaja mezani. Akazichukua funguo, akazihesabu moja moja, akarudia kuzihesabu. Zilikuwa zimetimia. Akaziacha pale mezani, katikati ya kalamu zilizoparaganyika, akavaa kofia yake, akatoka.